Kasuku wa shangazi: miongozo inasema hivi, mazoea ya nyumbani yanasema vile

Binti wa Kisauni (Mombasa):

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Naomba mawazo ya waliofuga kasuku kwa muda mrefu, hasa wale ambao wamewahi kuvutwa huku na maandishi ya wataalamu na kule na maneno ya wakubwa wao.

Shangazi yangu ana kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye kwa hesabu ya familia amepita kidogo miaka ishirini, na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, anacho. Sasa miguu inamsumbua na amehamia kwetu pamoja na ndege wake, kwa hiyo kazi ya kumlisha na kumsafishia tundu imekuwa yangu. Nilianza kusoma miongozo ya ufugaji, mingi ikiwa imeandikwa Uingereza na Marekani, nikakuta inapingana na mazoea ya shangazi karibu katika kila jambo.

Shangazi humpa wali uliobaki, mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa, karanga, mbegu za alizeti, na embe msimu wake ukifika. Miongozo inasema mbegu zisiwe chakula kikuu, apewe chakula cha vidonge kinachotengenezwa kiwandani pamoja na mboga za majani, chai na maziwa asiguse, na parachichi ni sumu kwake. Shangazi humtoa barazani kila asubuhi; miongozo inataka ninunue taa maalumu ya miali ya jua na nihakikishe chumba kina joto, jambo ambalo hapa Mombasa hata sijui nilielezeje. Miongozo inakataza moshi wa aina yoyote, nasi nyumbani hufukiza ubani kila Alhamisi jioni, na mvua zikianza huwasha dawa ya mbu ya kuchoma. Nikimsomea shangazi haya, hunijibu kwa upole kwamba ndege huyu hajawahi kuugua hata siku moja, na kwamba hao walioandika hawakumlea yeye.

Sitaki kumvunjia heshima mtu aliyemtunza kiumbe huyu miaka yote hiyo, wala sitaki ndege aharibikiwe mikononi mwangu kwa sababu nilipuuza jambo lililoandikwa wazi. Kwa hiyo siulizi tu kipi ni sahihi na kipi si sahihi. Nauliza mtu anaamuaje, katika kila jambo, kama afuate mwongozo au afuate uzoefu wa aliyeishi na ndege.

Mfugaji wa Pongwe (Tanga):

Wa alaykum salaam, dada. Nimefuga kasuku tangu nilipokuwa kijana, na kabla sijasoma shauri lolote huuliza kwanza limeandikiwa nyumba ya namna gani. Miongozo mingi unayoisoma imeandikiwa nyumba yenye madirisha yaliyofungwa, mahali ambapo jua hufifia kwa miezi kadhaa ya mwaka. Taa wanayoisema ni badala ya jua. Ngozi ya ndege inahitaji miali hiyo ili mwili utengeneze vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu iliyomo kwenye chakula haimfai kitu. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, na ndege anayekaa barazani asubuhi anapata kile ambacho taa hujaribu kuiga. Vivyo hivyo shauri la saa kumi hadi kumi na mbili za giza: kwetu usiku wenyewe una urefu huo mwaka mzima, ila utalazimika kumtoa sebuleni au kumfunika, maana jua linatua saa kumi na mbili na nusu na televisheni inazimwa saa tano.

Hata hivyo, baraza nayo ina hatari zake ambazo miongozo ya Ulaya haizitaji kwa sababu waandishi wake hawazijui. Nusu ya tundu iwe kivulini daima; ukimwona amefungua mdomo na kuyatenga mabawa na mwili, amezidiwa na joto, muingize ndani mara moja. Kunguru wa Bara Hindi, hawa walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na leo wamejaa pwani yote, hukizunguka kitundu kwa makundi na kuudonoa mguu au kidole kilichoshika waya. Na kama kuku wa majirani wanapita chini ya tundu, kumbuka kwamba kideri huwapata kasuku pia. Mambo haya matatu utayapata kwa mtu kama shangazi yako kuliko kwa mwandishi wa London.

Jambo jingine ni mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi. Madukani Ulaya huuzwa kama chanzo cha kalsiamu, nasi tunauokota ufukweni maji yakitoka. Uloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uuanike juani hadi ukauke kabisa, kisha uufunge tunduni, upande laini ukimwelekea ndege. Wengine huugusa siku hiyo hiyo na wengine huusubirisha wiki nzima.

Kwenye moshi, dada yangu, hapo sina maafikiano na mtu. Mapafu ya ndege yana mifuko ya hewa iliyoenea mwilini, na hewa hupita ndani yake kwa mwelekeo mmoja bila kubaki, ndiyo maana huchukua oksijeni kuliko sisi, na huchukua sumu kuliko sisi vilevile. Kikaango chenye utando wa Teflon kikisahauliwa motoni hadi kipite nyuzi 260 hutoa hewa inayoweza kumuua ndege aliye chumba cha pili wakati mpishi mwenyewe hajahisi lolote. Jiko la mkaa lililowashwa ndani ni hatari kwenu wote. Ubani sikuambii uuache, kwa sababu najua maana yake nyumbani. Chetezo kiwashwe chumba cha mbali na ndege awe upande upepo unakotokea, asirudishwe mpaka harufu imekwisha. Dawa ya mbu ya kuchoma iacheni, mtungikieni chandarua juu ya tundu lake. Kwamba amevuta moshi miaka ishirini na bado anapiga mluzi hakunishawishi.

Daktari wa Mifugo (Morogoro):

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu jua, kunguru na moshi. Ningependa kukaa kidogo kwenye kauli ya shangazi kwamba ndege amekula hivyo miaka yote na hana neno. Anasema kweli, lakini ushahidi wa kauli hiyo ni mdogo kuliko unavyoonekana.

Kasuku wa kijivu anayetunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40, na wapo wanaopindukia 50. Huyu wenu hajafika mbali. Chakula kinachomkatia nusu ya umri wake hakitakuwa kimeonyesha lolote la wazi akiwa na miaka ishirini, kwa sababu mishipa ya damu, ini na figo huharibika polepole. Tena, tunaowasikia wakisifiwa ni wale walionusurika. Aliyefiwa na kasuku wa miaka minane husema tu kwamba alikufa, na habari yake haiendi mbali, lakini kasuku wa babu aliyekula ugali na kuishi hadi harusi za wajukuu husimuliwa ukoo mzima. Ndege mmoja hathibitishi, na hilo ni kweli kwa upande wa miongozo pia: Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani na aliyetunzwa na watu waliojua wanachofanya, alikufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31. Hatuwezi kusema kwa sababu hiyo kwamba matunzo mazuri hayasaidii.

Kwa swali lako la msingi, mimi hujiuliza hivi: ikiwa ushauri huu ni wa kweli nami nikaupuuza, nitajua lini? Kuna mambo ambayo jibu lake ni kwamba utajua ndege akiwa amekwisha kufa, kama vile parachichi na mvuke wa kikaango. Hapo fuata mwongozo, hata kama watu kumi watakuapia kwamba wa kwao alikula akapona. Parachichi lina kemikali inayoitwa pasini ambayo huudhuru moyo, na katika majaribio ya maabara kasuku wadogo waliolishwa tunda hilo walikufa ndani ya siku mbili. Kiwango chake hutofautiana kati ya aina moja ya parachichi na nyingine, kwa hiyo aliyepona jana hana dhamana ya kesho. Kuna mambo ambayo utajua baada ya miaka kumi, na karibu yote yanayohusu lishe yako hapa. Macho ya nyumbani hayawezi kuyaona, kwa hiyo fuata mwongozo lakini pima mwenyewe. Na kuna mambo utakayoyajua leo jioni au wiki hii: kama anapenda kuguswa kichwani, kama anaogopa kitambaa chekundu, kama anaoga kwa kunyunyiziwa au kwenye bakuli. Katika hayo shangazi ndiye mwongozo, na usiende kutafuta mwingine.

Kuhusu kupima. Ndege porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayewindwa kwanza, kwa hiyo huficha ugonjwa hadi nguvu za kuuficha zimwishie. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, weka kijiti juu yake, mzoeze kusimama hapo asubuhi kabla hajala. Kasuku wa aina hii aghalabu huwa na gramu 400 hadi 500. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake wa kawaida, hilo ni jambo zito hata kama anaimba. Tandika karatasi nyeupe chini ya tundu uangalie kinyesi: kuna sehemu ya kijani au kahawia yenye umbo, sehemu nyeupe kama chokaa, na maji kidogo. Nyeupe ikigeuka njano au kijani, au maji yakizidi siku mbili mfululizo pasipo yeye kula matunda mengi, tafuta daktari.

Akipiga miayo, mmulike mdomoni kwa tochi. Madoadoa meupe, pamoja na kupiga chafya na matundu ya pua yaliyoganda, huashiria upungufu wa vitamini A, ambayo ndiyo kasoro kubwa ya mbegu za alizeti. Kasoro ya pili ni kalsiamu. Mbegu na karanga zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na kasuku wa kijivu wanajulikana kuliko kasuku wengine kwa kushuka kalsiamu kwenye damu ghafla, hata wakatetemeka, wakaanguka kutoka kwenye kijiti na kupata kifafa.

Karanga zenyewe naziogopa kwa sababu nyingine. Pwani kuna unyevu, na unyevu huleta sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Kenya, wengi wao Ukambani, kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mfikirie kiumbe asiyefika nusu kilo. Hapa hali yetu inatudai ukali kuliko mwongozo wa Ulaya unavyodai.

Mwisho, msimpe chakula cha kuku wa mayai mkidhani ndicho mbadala wa vidonge. Kalsiamu yake imepangwa kwa kuku anayetaga karibu kila siku, na kwa kasuku asiyetaga huumiza figo. Wala msimtilie unga wa antibiotiki wa kuku kwenye maji kila akipiga chafya. Ndege mgonjwa hunywa kidogo, kipimo hakijulikani, na tetrasaikilini, ambayo ni mojawapo ya antibiotiki, hushikana na kalsiamu ikapoteza nguvu. Zaidi ya hayo, chafya ya kasuku wakati mwingine ni ugonjwa wa klamidia ya ndege unaoambukiza watu. Mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi wakati ndege anaugua, amwambie daktari wake kwamba anaishi na kasuku.

Mswahili wa Maskati (Oman):

Naomba kuongeza jambo dogo kuhusu jua, kwa sababu hapa tulipo hali ni kinyume cha Tanga. Miezi ya kiangazi huwezi kumweka ndege nje mchana, na ndani kiyoyozi kinavuma tangu asubuhi hadi asubuhi. Watu wengi humweka kasuku karibu na dirisha wakiridhika kwamba anaota jua, kumbe kioo huzuia ile sehemu ya miali inayotengeneza vitamini D, na kinachompata ni mwanga na joto tu. Mwaka 2006 daktari wa mifugo Michael Stanford wa Uingereza alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba taa za miali hiyo ziliongeza vitamini D katika damu ya kasuku wa kijivu. Kwa hiyo kwetu sisi ushauri wa taa, ambao ndugu wa Tanga ameuweka kando kwa haki kabisa, unarudi na nguvu zake zote. Nao upepo mkavu wa kiyoyozi hukausha manyoya, hivyo mnyunyizieni maji asubuhi. Dada wa Kisauni, kama kuna siku utamfungia ndani kwa sababu ya kunguru, usihesabu dirisha la kioo kuwa ni baraza.

Binti wa Kisauni (Mombasa):

Nawashukuru sana. Swali la daktari, la kwamba nitajua lini, limenifungulia njia ambayo sikuwa nayo, na nimeweza kumweleza shangazi bila kuonekana ninamsahihisha. Amekubali mara moja kuhusu dawa ya mbu, na chetezo sasa kitawashwa chumba cha nyuma. Mizani nimeipata, ndege ana gramu 430 hivi, na pua zake zina ukoko kidogo kwenye tundu la kulia.

Limebaki la chakula. Chai ikiletwa asubuhi ndege hupiga kelele na kuinamisha kichwa mpaka apewe kipande cha mkate, na kwa shangazi hiyo ndiyo salamu yao. Je, nimwachishe chai na mbegu kwa siku moja? Na hivyo vidonge, ambavyo hapa bei yake ni kubwa, ni lazima?

Mfugaji wa Pongwe (Tanga):

Usimwachishe kwa siku moja, nakusihi. Kasuku mzima anaweza kukitazama chakula kigeni siku nzima asikitambue kuwa ni chakula, na njaa ikamdhuru kabla hajakijaribu. Asubuhi, akiwa na njaa, mtangulizie mboga: mchicha, matembele, karoti, boga lililochemshwa, kunde au choroko zilizoota. Mbegu zije jioni, upunguze kidogo kila baada ya siku chache. Pilipili mpe bila wasiwasi, ndege hawausikii ukali wake. Parachichi hata kwa kuonja, hapana.

Salamu ya asubuhi usiivunje. Shangazi aendelee kumpa kwa mkono wake, saa ile ile, lakini badala ya mkate wa chai ashike kipande cha kiazi kitamu chenye rangi ya chungwa, kilichochemshwa na kikiwa bado cha vuguvugu. Ale yeye kwanza ndege akimwona. Hakuna mwongozo unaoweza kufanya kazi hiyo, na wewe huwezi kuifanya kama yeye, kwa sababu ndege anamwamini.

Tone la mawese juu ya boga ni jambo zuri pia. Kasuku hawa msituni hula matunda ya michikichi, na rangi ile nyekundu ndiyo inayogeuka vitamini A mwilini. Ulaya huuziwa wafugaji kwenye vichupa kama dawa. Sisi tunayapata sokoni, ya Kigoma au ya Pemba, mradi yawe mapya na yasiyochanganywa.

Kuhusu vidonge natofautiana kidogo na wataalamu. Vikifika kwetu vimekaa bandarini, kisha dukani mfuko hufunguliwa na kuuzwa kwa kupimwa katika unyevu huu. Mimi naona mboga mbichi za leo zinampita mbali mgeni huyo aliyechakaa njiani.

Daktari wa Mifugo (Morogoro):

Hoja ya mifuko iliyofunguliwa ni ya haki. Vitamini huisha nguvu kwa hewa na joto, na kuvu huingia. Ukipata mfuko ambao haujafunguliwa na tarehe yake haijapita, vidonge vikiwa nusu ya mlo vitakupunguzia kazi ya kukisia. Usipoupata, mboga na kunde zinatosha endapo utakuwa mwangalifu wa kalsiamu: mfupa wa dome uwepo daima, sukuma wiki na matembele viwe vingi kuliko spinachi, kwa sababu spinachi ina oksalati inayoishika kalsiamu isitumike.

Kwa uzito wa gramu 430, mstari wako wa hatari ni karibu gramu 390. Katika wiki za kubadilisha chakula mpime kila siku. Akianza kuukaribia, mrudishie mbegu kwanza apate nguvu, kisha uanze upya kwa hatua ndogo zaidi. Maziwa yaondoke mapema kuliko mbegu, kwani ndege hana kimeng'enya cha kuyasaga, na kafeini ya chai haimfai moyo.

Ukoko wa pua usiukwangue. Mpeleke akaonwe ndani ya wiki hii, na kwa kuwa kasuku wa kijivu wamo katika daraja la juu kabisa la ulinzi la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2, 2017, nenda na nakala ya kibali cha shangazi, na upitie ofisi ya KWS uulize utaratibu wa kuandikisha kwamba makazi yake yamebadilika. Msafirishe kwenye tundu lake mwenyewe likiwa limefunikwa upande wa upepo, na karatasi ya chini usiibadilishe asubuhi hiyo, ili daktari akione kinyesi cha usiku kucha kama kilivyo.